Vihisi vya unyevu vya faiba na mpako wa oksidi ya grafini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na kanda ya kati

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili. Wapo wasimamizi wa maghala, kutoka Kibaigwa hadi Kondoa, wanaotaka kujua kama chombo hiki kitawafaa. Wapo pia wanafunzi na mafundi wa faiba wanaotaka kukitengeneza wenyewe. Ukiwa na haraka, soma swali la 4, la 7 na la 9. Mengi yaliyobaki yanategemea hayo.

## Mambo ya msingi

1. Kihisi hiki ni kitu gani hasa?

Ni kipande cha faiba, yaani uzi wa kioo au wa plastiki unaopitisha mwanga. Sehemu yake ndogo humenywa, kisha hupakwa utando mwembamba sana wa oksidi ya grafini. Mwanga huingizwa upande mmoja na kupokelewa upande wa pili. Hewa ikiwa na unyevu utando hunywa maji na kufura, na kiasi cha mwanga unaovujia humo hubadilika. Hewa ikikauka, maji hutoka na mwanga hurudi ulivyokuwa. Chombo kilicho mwisho wa uzi husoma badiliko hilo na kuligeuza kuwa asilimia ya unyevu. Umeme uko kwenye chombo cha kusomea tu. Pale penye utando hakuna waya wala betri.

2. Oksidi ya grafini ndiyo grafini inayosifiwa kila siku?

Ni ndugu, lakini tabia zao zinapishana. Grafini ni tabaka moja tu la atomi za kaboni, lile ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga huko Manchester mwaka 2004, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010. Inapitisha umeme vizuri na haina haja na maji. Oksidi ya grafini ni tabaka hilohilo likiwa limeshikwa na oksijeni juu, chini na kingoni. Umeme inaupitisha kwa shida, lakini inasambaa majini bila taabu na inavuta unyevu kwa nguvu. Kwa kazi yetu, hiyo ya pili ndiyo tunayoitaka.

Kemia yake imeitangulia grafini kwa miaka mingi. Benjamin Brodie alitengeneza oksidi ya kinywe, yale madini meusi yanayowekwa ndani ya penseli, ambayo ni tabaka nyingi za grafini zilizolaliana, mwaka 1859. Mwaka 1958 William Hummers na Richard Offeman walichapisha njia ambayo maabara nyingi duniani zimeirithi. Njia hiyo inajadiliwa katika swali la 10, na ndiko shida ya mazingira inakoanzia.

3. Utando unahisije unyevu?

Katika kinywe cha kawaida, nafasi kati ya tabaka na tabaka ni nanomita 0.335 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Oksijeni ikishaingia, tabaka husukumana: nafasi huwa kama nanomita 0.6 hadi 0.8 utando ukiwa mkavu, na huzidi 1.1 ukilowa. Ni kama daftari lililonyeshewa, kurasa hufura ingawa hakuna iliyoongezwa.

Mambo mawili hubadilika kwa pamoja: unene wa utando na uwezo wake wa kupinda mwanga. Kioo cha faiba hupinda mwanga kwa kipimo cha karibu 1.45, maji 1.33, na oksidi ya grafini hupita vyote viwili. Kwa kuwa utando unapinda zaidi ya kioo, huuvuta mwanga utoke nje ya uzi. Kila maji yanapoingia au kutoka, mvuto huo hubadilika.

Sifa nyingine ni wepesi wa kuitikia. Mwaka 2012 watafiti wa Manchester walionyesha kwamba mvuke wa maji hupita kwenye utando wa oksidi ya grafini karibu bila kizuizi, wakati hata heliamu, gesi nyepesi inayopenya karibu kila kitu, ilizuiwa. Ndiyo maana kihisi kilichopakwa vizuri kinaweza kuitikia pumzi ya mtu ndani ya sekunde chache.

4. Kinapima unyevu wa hewa au unyevu wa mahindi?

Kinapima unyevu wa hewa iliyo kati ya punje. Watu wengi huchanganya hapa, na kuchanganya huko kunagharimu magunia.

Unyevu wa punje ni uzito wa maji yaliyomo ndani ya punje. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni kisichozidi 13.5%. Unyevu wa hewa ni kiasi cha mvuke kilichopo, ukilinganisha na kile ambacho hewa ingeweza kubeba katika joto hilo. Punje na hewa inayoizunguka hupeana maji mpaka zikae sawa. Mahindi yenye 13.5% hufanya hewa iliyonaswa kati ya punje itulie karibu na 65% hadi 70%, kutegemea joto. Kwa hiyo kihisi kilichozikwa katikati ya lundo kinakupa habari za punje kwa kupitia hewa yake.

Hii ina faida yake: ukungu hauangalii uzito wa maji ndani ya punje, unaangalia maji yanayopatikana kwake, na hayo ndiyo hewa inayoyaonyesha. Chini ya 65% ukungu wa ghalani haupati nafasi. Ukivuka 80%, kuvu anayetoa sumukuvu, Aspergillus flavus, anaweza kustawi.

5. Dodoma ni kukavu. Unyevu unatoka wapi?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu ukavu wenyewe ni sehemu ya tatizo. Mwaka 2016 watu walifariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, maeneo ambayo hakuna anayeyaita ya mvua nyingi. Mahindi na karanga zilizopigwa na ukame shambani huwa dhaifu, na kuvu huziingia zikiwa bado kwenye shina au ardhini. Zao linafika ghalani likiwa na kuvu tayari, linasubiri unyevu tu.

Na unyevu unakuja hata kiangazi. Hewa ya nyuzijoto 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzijoto 15 inabeba kama gramu 13 tu. Chukua mchana wa nyuzijoto 30 wenye unyevu wa 40%: humo mna gramu 12 hivi. Usiku bati la kihenge likipoa hadi nyuzijoto 15, hewa ileile inayoligusa inafika karibu 95%. Hakuna tone la mvua lililonyesha. Bati likipoa zaidi kidogo, umande unadondokea mahindi ya juu. Mtu anayepima mchana peke yake, mlango ukiwa wazi, hataliona jambo hili kamwe.

Halafu kuna mvua za Desemba hadi Aprili, sakafu zisizo na karatasi ya nailoni chini, na mahindi yanayoingizwa mapema kwa sababu bei ni nzuri.

6. Je, kinapima sumukuvu?

Hapana. Kinaonyesha mazingira yanayomfaa kuvu, basi. Mahindi yanaweza kuwa makavu kabisa leo na yakawa na sumukuvu iliyoingia shambani. Sumukuvu hupimwa maabara au kwa vipimo maalumu vya haraka, na anayekuambia faiba yake ya unyevu inaiona sumukuvu usimpe fedha yako.

## Kwa nini faiba

7. Kwa nini nisinunue kihisi cha umeme cha bei nafuu?

Mara nyingi ndicho unachopaswa kununua. Chumba kimoja, stoo ya nyumbani, duka la pembejeo: kihisi kidogo cha kielektroniki kitakutosha, na hakuna haja ya faiba.

Faiba inaanza kustahili gharama yake mambo yafuatayo yanapokutana. Kwanza ni vumbi la nafaka, ambalo likijaa hewani ndani ya kihenge linaweza kulipuka kwa cheche moja. Faiba haina cheche. Pili ni dawa ya kufukizia. Gesi ya fosfini inayotoka kwenye vidonge vya aluminiamu fosfaidi hula shaba, na shaba ndiyo iliyomo katika nyaya na saketi zote za vihisi vya umeme. Kioo hakijali. Tatu ni radi: faiba isiyo na waya wa chuma haiwezi kuileta radi kutoka juu ya kihenge hadi ofisini. Nne ni idadi ya sehemu za kupimia, kwa sababu uzi mmoja wa kioo unaweza kubeba vihisi kadhaa kwa mfuatano.

Kama huna hata moja kati ya hayo, fedha zako zitafanya kazi zaidi kwenye maturubai ya kuanikia.

8. Nitumie faiba ya kioo au ya plastiki?

Ya plastiki, kwa kuanzia. Uzi wake una unene wa milimita 1, unakatwa kwa wembe, unatumia taa nyekundu ya nanomita 650 na kipokezi cha kawaida. Ubaya wake ni kwamba mwanga hufifia baada ya makumi machache ya mita, haupendi joto linalozidi nyuzijoto 70 hivi, na plastiki yenyewe hunywa maji kidogo, jambo linaloingiza kosa lake katika kipimo.

Ya kioo ina unene wa mikromita 125, yaani milimita 0.125, bila ganda la plastiki, na mwanga wa nanomita 1550 husafiri kilomita nyingi ndani yake. Vipande vinavyobaki baada ya mafundi kuvuta mkongo wa mawasiliano vinafaa kabisa. Tatizo ni kwamba mwanga wake uko ndani sana, kwenye kiini cha mikromita 9 hivi, hivyo utando uliopakwa juu hauuoni. Lazima utafute njia ya kuutoa.

Vitabu vingi vinasema umumunye kioo kwa asidi ya haidrofloriki. Usifanye hivyo. Asidi hiyo hupenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, hukamata kalisi ya mwili, na inaweza kuua. Ipo njia ambayo fundi yeyote wa faiba mwenye mashine ya kuunganishia anaiweza: unganisha nyuzi mbili kwa makusudi zikiwa zimepishana kidogo, kisha baada ya sentimita chache upishanishe tena. Sehemu ya mwanga hutoka kwenye kiini, hupita pembeni na kukutana tena na mwenzake mbele. Pale katikati ndipo unapopaka. Kosa ambalo fundi hulikwepa kila siku kazini ndilo linalogeuka kuwa kihisi, na hakuna tone la asidi lililotumika.

## Urafiki na mazingira

9. Ni kitu gani hasa kinachofanya mpako huu uwe rafiki wa mazingira?

Watu hujibu haraka: kwa sababu ni kaboni, kwa sababu unasambazwa kwenye maji badala ya viyeyusho vyenye sumu, kwa sababu unakaushwa kwa joto dogo. Yote ni kweli. Lakini jibu langu ni udogo wake.

Piga hesabu nami. Sentimita 1 ya faiba ya kioo ina eneo la sentimita 0.04 za mraba hivi. Ukiipaka utando wa mikromita 1, ambao ni mnene kwa kazi hii, unatumia takriban mikrogramu 7. Gramu moja ya oksidi ya grafini, kwa hesabu tupu, inapaka vihisi zaidi ya laki moja. Hata ukipoteza 99% ya ulichotengeneza, bado unabaki na vihisi zaidi ya elfu moja kwa gramu hiyo.

Maana yake ni kwamba hakuna sababu ya maabara tano kanda ya kati kutengeneza oksidi kwa asidi kila moja kivyake. Gramu chache, zilizotengenezwa vizuri mara moja na kugawanywa zikiwa kwenye maji, zinawatosha wote. Uchafu ambao haukutengenezwa hauhitaji kusafishwa.

10. Lakini asidi ya kutengenezea oksidi si ileile?

Ndiyo, na nashukuru kwa wanaouliza, maana maelezo mengi hulipita jambo hili kimya. Katika njia ya mwaka 1958, gramu 100 za kinywe zilihitaji lita 2.3 za asidi ya salfuriki, gramu 300 za potasiamu pamanganeti na gramu 50 za sodiamu naitreti. Naitreti ndiyo mbaya zaidi kwa hewa: hutoa gesi za nitrojeni oksaidi zenye sumu kwenye mapafu.

Mwaka 2010 ilichapishwa njia isiyo na naitreti, inayoongeza asidi ya fosforiki. Gesi zile hazitoki. Lakini soma vipimo vyake: kwa gramu 3 za kinywe inataka mililita 360 za salfuriki na 40 za fosforiki. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya asidi kwa kila gramu ukilinganisha na ile ya zamani. Hewa imepona, maji yamebebeshwa mzigo. Njia ninayoipendekeza ni ya wastani: ileile ya 1958 ukiondoa naitreti tu. Kwa mpako wa unyevu inatoa oksidi inayofaa.

Kuna pia njia ya umeme, kinywe kikiwa nguzo ya umeme ndani ya mmumunyo mwepesi wa chumvi ya salfeti. Ni safi zaidi, ila mara nyingi oksijeni inayoshikamana ni kidogo, na utando unakuwa mvivu kunywa maji.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Pamanganeti ndani ya asidi ya salfuriki kali huzaa mafuta ya kijani yanayolipuka yakipata joto. Inaongezwa kidogo kidogo, chombo kikiwa kwenye barafu, chini ya nyuzijoto 20, na mtu mwenye uzoefu akiwepo. Haifanyiki jikoni.

11. Maji ya kuoshea yanakwenda wapi?

Kwa Dodoma hili ndilo swali zito. Oksidi huoshwa tena na tena mpaka asidi iishe, na inavyozidi kuwa safi inageuka ute mzito unaokataa kutulia chini. Hapo ndipo lita zinapokwisha, katika mkoa ambao watu hupanga foleni ya maji.

Anza kuosha kwa asidi ya haidrokloriki nyepesi. Huondoa manganizi na huzuia ute kuja mapema. Kisha tumia mashine ya kuzungusha kwa kasi badala ya kusubiri itulie, utaokoa maji mengi. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi yanafaa kwa mizunguko ya kati. Mizunguko ya mwisho iwe ya maji yaliyotoneshwa. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi, na kalisi iliyomo hugandisha oksidi ikawa mabonge ambayo hayapakiki.

Maji machafu yasiende chooni wala korongoni. Yakusanye kwenye ndoo ya plastiki na uongeze chokaa taratibu. Salfeti itazama kama jasi, ni jasi ileile ya Itigi kwa kemia yake, na chokaa ikizidi manganizi nayo itazama kama tope la kahawia. Chuja, kausha tope na ulihifadhi kama taka ya maabara. Maji yanayobaki yafanye yasiwe na ukali wa asidi wala wa chokaa kabla ya kuyamwaga.

12. Kinywe cha Tanzania kinafaa?

Kinafaa. Nchi ina kinywe cha magamba makubwa Mahenge mkoani Morogoro, Ruangwa mkoani Lindi, na Merelani mkoani Manyara ambako hukutana na tanzanaiti. Kwa oksidi unahitaji kilichosafishwa, maana udongo na chuma vilivyobaki hula pamanganeti yako bure. Kwa kiasi tulichokihesabu katika swali la 9, hata hivyo, vihisi havitakuwa soko la mgodi wowote. Thamani iko katika ujuzi wa kukigeuza.

13. Mpako ukiingia kwenye chakula kuna madhara?

Usiingie kabisa. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba unga mkavu wa oksidi ya grafini ukivutwa hudhuru mapafu, kwa hiyo usiukaushe uwe unga. Utunze ukiwa kwenye maji. Ghalani, kihisi kikae ndani ya mrija wa chuma kisichoshika kutu wenye matundu na wavu mwembamba, ili punje zisiguse utando. Faiba ya kioo ina hatari yake pia, kwani kibanzi kilichokatika hakionekani kwenye unga. Kipande chochote kilichovunjika kihesabiwe na kiwekwe kwenye chupa yenye kifuniko.

## Kupaka

14. Napakaje bila vifaa vya gharama?

Kwa faiba ya plastiki: ikunje umbo la U kwa maji ya moto kwenye kijiti cha unene wa sentimita 1. Sugua sehemu ya kunja kwa msasa laini mpaka ganda la nje litoke, kisha kwa msasa laini zaidi. Osha kwa sabuni ya maji. Asetoni usiiguse, itayeyusha plastiki.

Tumbukiza kwenye mmumunyo wa kitosani, inayotoka kwenye magamba ya kamba na kaa, iliyoyeyushwa kwa siki nyepesi. Kitosani ina chaji chanya na oksidi ya grafini ina chaji hasi, hivyo hushikana zenyewe. Suuza. Tumbukiza kwenye oksidi ya grafini yenye miligramu 1 kwa mililita, subiri dakika chache, vuta juu polepole sana. Kausha kwa nyuzijoto 40. Rudia mpaka uone rangi ya chai hafifu.

Usikaushe juani. Jua la Dodoma linavutia, lakini mionzi yake huing'oa oksijeni kwenye utando. Ukiona rangi ya kahawia imegeuka nyeusi, utando umeacha kupenda maji.

15. Utando uwe mnene kiasi gani?

Mwembamba hujibu haraka lakini ishara yake ni dhaifu. Mnene hutoa ishara kubwa, ila huchelewa na hukumbuka: ukipanda kutoka 30% hadi 70% na kurudi, hausomi sawasawa njia zote mbili, kwa kuwa baadhi ya maji hung'ang'ania ndani. Kwenye ghala hakuna haraka ya sekunde. Ningechagua kushuka vizuri kuliko kujibu upesi, kwa hiyo mizunguko michache.

16. Utando wangu unabanduka. Kwa nini?

Mara nyingi ni mafuta ya vidole. Kama ulisafisha vizuri na bado unabanduka ukilowa, tabaka zinasukumana kwa chaji zake. Chovya kwa muda mfupi kwenye mmumunyo mwepesi wa kalisi kloraidi baada ya kukauka. Kalisi hufunga tabaka pamoja. Ndiyo kalisi ileile inayoharibu mwanzoni (swali la 11), ikija mwishoni inasaidia. Kwa kioo, wengi hutumia kemikali za sileni kama gundi. Kitosani inatosha kwa ghala.

## Kupima usahihi na kutumia

17. Nahakikishaje kinasema kweli bila maabara kubwa?

Tumia chumvi. Chumvi iliyoloweshwa mpaka ikawa uji, ndani ya chupa iliyofungwa, hutuliza hewa ya juu yake kwenye kiwango kinachojulikana. Katika nyuzijoto 25, chumvi ya mezani hutoa 75%, magnesiamu kloraidi 33%, potasiamu kabonati 43%, potasiamu kloraidi 84%, na potasiamu salfeti 97%. Ning'iniza kihisi bila kugusa uji, subiri saa kadhaa, andika. Panda kisha shuka, ili uone ile tabia ya kukumbuka. Chumvi ya mezani iwe ile isiyo na viungo, na chupa isikae dirishani.

18. Joto linaharibu kipimo?

Linaharibu. Weka nyuzi mbili kwenye mrija mmoja, moja imepakwa na nyingine haijapakwa, na utoe tofauti. Hii husahihisha pia taa inapochoka. Kwa faiba yenye mistari ya Bragg, yaani alama ndani ya kiini zinazorudisha urefu mmoja tu wa wimbi la mwanga, urefu ambao huhama karibu pikomita 10 kwa kila nyuzijoto moja, mstari mmoja usiopakwa huwa kipimajoto. Ujue tu kwamba chombo cha kusomea mistari hiyo hugharimu mamilioni ya shilingi.

19. Vumbi, umande na dawa?

Vumbi la Agosti huziba wavu. Lisafishe kwa hewa, si kwa kitambaa chenye maji. Umande ukitua kwenye utando, kipimo huruka na hakina maana mpaka ukauke, kwa hiyo mrija ukae sentimita kadhaa ndani ya nafaka, usiguse bati. Baada ya kufukiza, gesi ya dawa ikishatoka na watu kuruhusiwa kuingia ghalani, rudia kipimo cha chumvi ya mezani kabla ya kukiamini tena.

20. Kitafaa kwenye pishi la mvinyo?

Kwa tahadhari. Wazalishaji wa zabibu wa Hombolo na Makutupora wamelileta swali hili. Mvuke wa pombe nao huingia kwenye utando, na kihisi kitausoma kama unyevu. Kwa chumba cha kukaushia zabibu hakuna shida hiyo, na huko ningeanzia.

21. Natumia mifuko ya kinga njaa. Nahitaji kihisi?

Hapana. Mfuko ukifungwa vizuri hewa ya nje haina la kufanya. Unachohitaji ni uhakika kabla ya kufunga: weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya 15% hivi, rudisha juani. Isiponata bado yanaweza kuwa juu ya 13.5%, kwa hiyo ukiweza pata na mashine ya kupimia punje.

22. Panya wamekata uzi. Nitajuaje?

Mwanga hupotea ghafla nyuzi zote mbili, ya kupakwa na isiyopakwa. Unyevu hauwezi kufanya hivyo. Pitisha faiba ndani ya bomba la chuma kwa mita ya kwanza kutoka sakafuni.

23. Usiku kinasoma 78%, mchana 60%. Nifungue ghala au nifunge?

Angalia kina. Kama ni kihisi cha juu karibu na bati, unaona kupoa kwa usiku (swali la 5). Fungua madirisha saa za mchana hewa ya nje ikiwa kavu kuliko ya ndani, funga kabla ya jua kuzama. Usifungue usiku ukidhani baridi inasaidia.

Kama ni kihisi cha katikati ya lundo, hakipaswi kupanda na kushuka kwa siku moja. Punje hupoa polepole. Kikifanya hivyo kuna njia ya hewa, pengine shimo la fuko au gunia lililopasuka. Na kama cha katikati kinapanda polepole siku baada ya siku bila kushuka, usisubiri kifike 80%. Toa sampuli kwenye kina hicho, ipime unyevu wa punje, na uanze kuhamisha magunia ya upande huo.